Neno «mimi» si ushahidi: kuwafundisha wanafunzi kumtambua msimulizi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fasihi kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14. Nimewapa jedwali la nafsi, wamelikariri mpaka wanaliimba. Lakini nikiwapa kifungu cha hadithi na kuwauliza kimesimuliwa kwa nafsi gani, wanatafuta neno «mimi». Wakiliona popote, hata ndani ya mazungumzo ya wahusika, wanaandika «nafsi ya kwanza». Wasipoliona, basi ni «nafsi ya tatu». Pili, nashindwa kuwafafanulia tofauti kati ya msimulizi anayejua yote na yule wa nafsi ya tatu mwenye mipaka. Nikieleza wanaitikia kwa kichwa, nikiwapa zoezi wanabahatisha. Na kwenye insha zao wanaanza na «yeye», wanamaliza na «sisi». Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kwanza nikuondolee wasiwasi: wanafunzi wako wamefanya kile hasa walichoombwa. Jedwali limewaambia mimi ni nafsi ya kwanza, wewe ya pili, yeye ya tatu; ukawapa kifungu, nao wakatafuta mle ndani kilichomo kwenye jedwali. Kasoro iko kwenye swali lenyewe. «Ni nafsi gani?» ni swali la sarufi, na mtoto atalijibu kisarufi. Swali la fasihi ni hili: nani anatuhadithia, na amejuaje haya anayotuhadithia? Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo inayofanya kazi kubwa, na ndiyo tunayoisahau darasani.

Halafu kuna jambo la lugha yetu. Jedwali la mimi, wewe, yeye lingefaa zaidi lugha ambayo kiwakilishi husimama peke yake mbele ya kitenzi. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi. Msimulizi wa Kiswahili anaweza kukueleza maisha yake kurasa kumi asitamke «mimi» hata mara moja, na akilitamka, mara nyingi ni kwa kusisitiza tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayewinda neno «mimi» anawinda kitu adimu, na akikipata kwa kawaida atakipata mdomoni mwa mhusika.

Tazama kifungu hiki, nimekitunga kwa makusudi:

«Zubeda alinitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Alivuta kiti, akaketi, akaifungua barua. "Mimi sijawahi kuona maneno kama haya," alisema hatimaye. Alizisoma kurasa zote mbili, akazikunja, akazirudisha ndani ya bahasha.»

Darasa litagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza litasema nafsi ya tatu, kwa kuwa nje ya mazungumzo kuna vitenzi vinane vya utendaji na vyote vinaanza na a-: alinitazama, alivuta, akaketi, na kuendelea. Fungu la pili litasema nafsi ya kwanza, kwa sababu ya «Mimi sijawahi». Fungu la pili limepata jibu. Limelipata kwa ushahidi wa uongo, maana huyo «mimi» ni Zubeda, na Zubeda si msimulizi. Ushahidi wa kweli ni silabi moja katikati ya neno la pili: ali-ni-tazama. Kuna mtu mwingine chumbani ambaye Zubeda anamtazama, na huyo ndiye anayetusimulia. Hajafanya lolote katika kifungu kizima zaidi ya kutazamwa.

Mimi huanza somo na kifungu cha aina hii hasa, ambapo jibu sahihi linaweza kupatikana kwa njia mbovu. Kinawafundisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba jibu bila ushahidi halina thamani, na kwamba kiambishi cha mtendwa kina uzito sawa na cha mtendaji. Waambie wasome kwa sauti, polepole, wapige meza wanapoisikia -ni-. Utaona nyuso zikibadilika.

Basi hatua ya kwanza kabisa, kabla kalamu haijagusa kitu kingine: mazungumzo yote yafutwe. Kila kilichomo ndani ya alama za mtajo kipigwe mstari kwa penseli. Kinachobaki ndicho sauti ya msimulizi, na ni hicho tu kinachohojiwa. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini peke yake itakuondolea sehemu kubwa ya makosa uliyonieleza. Angalia tu kwamba hadithi nyingine huandika mazungumzo kwa vistari badala ya alama za mtajo, na nyingine humpa mhusika nafasi ya kuhadithia kisa kirefu ndani ya kisa. Bibi akiketi na kuwasimulia wajukuu ujana wake kwa kurasa tatu, huyo ni msimulizi wa ndani. Mwenye hadithi yuko nje yake bado. Hili liache mpaka watakapokomaa.

Hatua ya pili ni kuvihoji vitenzi, na hapa Kiswahili kina mitego yake ambayo jedwali haliitaji. Nimesahihisha daftari la mtoto aliyezungushia duara kila «ni» aliyoiona: «Mlango ni mweusi», «Huyu ni nani?» Kwake zote zilikuwa nafsi ya kwanza. Mwingine alikutana na «Mlango ulifunguka» akaandika nafsi ya pili, kwa sababu kitenzi kinaanza na u-. Mwingine alizungushia «tu» katika «aliketi tu». Usiwacheke. Wamefundishwa viambishi kama orodha ya herufi, na herufi hizo zinafanana kweli. Dawa ni swali moja la kuwarudisha kwenye maana: nani amefanya? Mlango umefanya, basi u- ni ya mlango.

Upande wa pili ni nafsi ya kwanza inayojificha. «Sikulala usiku ule» haina ni- hata moja, kwa kuwa katika ukanushi nafsi ya kwanza huvaa si-. Vivyo hivyo «sina», «sitaki», «sijui». Kisha kuna vimilikishi: «babangu», «mwenzangu», «nyumbani kwetu». Hadithi inaweza kufungua kwa aya nzima kuhusu mtu mwingine, vitenzi vyote a-, mpaka ukutane na «kaka yangu» mstari wa sita ndipo ujue nani anazungumza.

Na kuna hu- ya mazoea, ambayo mimi naipenda kwa sababu inamwacha hata mwalimu njia panda. «Kila jioni huketi dirishani na kutazama barabara.» Nani huketi? Inaweza kuwa mimi, wewe, yeye, wao. Hu- ya mazoea haibebi nafsi yoyote. Na kwa kuwa -keti haiishii kwa a, sentensi ileile ikitengwa inaweza hata kusomwa kama ukanushi: wewe huketi, yaani hukai. Ubaoni niliwahi kuwaandikia sentensi hiyo peke yake na kuwaambia wabishane. Walibishana kipindi kizima. Jibu ni kwamba sentensi hiyo haina jibu. Lazima usome jirani zake. Mtoto akishakubali kwamba kuna sentensi zisizo na ushahidi, ataacha kubahatisha.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo gumu, na hapo ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Tofauti ya msimulizi anayejua yote (vitabu vingine humwita msimulizi maizi) na yule mwenye mipaka haiwezi kuonekana kwenye jedwali la nafsi, kwa kuwa wote wawili ni nafsi ya tatu. Vitenzi vyao ni vilevile. Ndiyo maana wanafunzi wako wanaitikia kwa kichwa kisha wanabahatisha: umewapa kifaa kisichopima kitu hicho. Kinachotakiwa kupimwa hapa ni ujuzi. Mimi huwauliza hivi: msimulizi huyu ana funguo za vichwa vingapi?

Chukua tukio moja dogo, kijana anaingia ofisini kwa meneja, uliandike mara tatu.

«Salim aliingia ofisini moyo ukimdunda. Meneja aliinua uso, akamtazama kana kwamba hamjui. Salim alijiuliza kama barua yake ilikuwa imefika.»

«Salim aliingia ofisini moyo ukimdunda. Meneja aliinua uso, akamtazama. Barua ya kijana huyu alikuwa ameisoma tangu jana, na usiku kucha alitafuta namna ya kumkatalia bila kumvunja moyo. Salim, ambaye hakuyajua hayo, alijiuliza kama barua yake ilikuwa imefika.»

«Salim aliingia ofisini. Meneja aliinua uso. "Kaa," alisema. Salim alikaa kwenye ukingo wa kiti. Vidole vyake vilikuwa vikiugongagonga mkoba.»

Wape penseli za rangi mbili, moja ya Salim, moja ya meneja. Wapake rangi kila neno ambalo haliwezekani kujulikana isipokuwa mtu awe ndani ya kichwa au kifua cha mhusika huyo. Katika toleo la kwanza rangi ya Salim itatokea mara mbili: moyo ukimdunda, alijiuliza. Ya meneja haitatokea kabisa. Funguo moja, basi msimulizi ana mipaka. Katika la pili rangi zote mbili zipo. La tatu litabaki jeupe. Msimulizi amesimama kama kamera mlangoni, anaona vidole vinavyogonga, hasemi ni woga au ni baridi. Huyo wa tatu watoto huwa wanamsahau kwa kuwa jina lake halitajwi sana. Mwite msimulizi wa nje, inatosha.

Kisha warudishe kwenye maneno mawili ya toleo la kwanza: «kana kwamba». Meneja alimtazama kana kwamba hamjui. Je, alimjua au hakumjua? Msimulizi hasemi, kwa sababu hana ufunguo wa kichwa hicho. Anakisoma kwa nje kama Salim anavyokisoma. «Kana kwamba», «alionekana», «huenda», «bila shaka», «ungedhani» ni alama za mtu anayekisia. Popote msimulizi anapokisia juu ya mhusika fulani, kichwa cha mhusika huyo kimefungwa kwake. Kwa miaka yote niliyofundisha somo hili sijapata alama inayowasaidia wanafunzi kuliko hiyo, na ni ajabu kwamba haimo kwenye jedwali lolote nililowahi kuliona ukutani.

Katika toleo la pili, kaa sana kwenye «Salim, ambaye hakuyajua hayo». Waulize: nani chumbani angeweza kusema sentensi hiyo? Salim hawezi, maana hajui kuna jambo asilolijua. Meneja hawezi, maana haoni Salim anajiuliza nini. Hakuna mtu ndani ya hadithi anayeweza kuitamka. Hapo, bila wewe kutoa maana ya neno lolote, watoto wameshamwona anayejua yote.

Nikuonye jambo moja ambalo mitihani mingi hulipuuza. Kifungu kifupi hakiwezi kuthibitisha kwamba msimulizi ana mipaka. Kinaweza kuonyesha tu kwamba *katika kifungu hiki* ameingia kichwa kimoja. Anayejua yote anaweza kukaa na mhusika mmoja kwa sura nzima, kisha sura inayofuata akahamia kwa mwingine. Kwa hiyo wazoeshe kuandika «katika kifungu hiki» mwanzoni mwa jibu.

Ukishamaliza rangi, wape kazi ya kuandika upya. Hii ndiyo kazi yenyewe. Yote yaliyotangulia ni maandalizi. Waambie wachukue toleo la pili wamgeuze Salim awe msimulizi, kwa «ni-». Mistari ya kwanza itakwenda vizuri: niliingia ofisini moyo ukinidunda, meneja aliinua uso, akanitazama. Kisha watafika kwenye «Barua yangu alikuwa ameisoma tangu jana, na usiku kucha alitafuta namna ya kunikatalia», na wenye akili nyepesi watasimama. Salim amejuaje? Hakuwa nyumbani kwa meneja usiku ule. Mwanafunzi ana njia tatu za kutoka: aifute sentensi, aigeuze kuwa kisio, «huenda alikuwa ameshaisoma», au aieleze, «miezi baadaye alikuja kuniambia kwamba usiku ule hakulala». Zote tatu ni sahihi, na zote tatu ndizo njia ambazo wasimulizi wa nafsi ya kwanza huzitumia siku zote. Mtoto amezigundua mwenyewe kwa kukwama.

Kuna mtego mwingine mdogo katika zoezi hilohilo. Ukiwapa sentensi «Uso wa Salim uliiva kwa aibu», wengi wataandika «Uso wangu uliiva kwa aibu». Waulize Salim ameuona uso wake kwa kioo kipi. Wataibadilisha wenyewe: «Nilihisi uso ukinichoma.» Mabadiliko ya nafsi yameilazimisha picha nzima ihame kutoka nje kuja ndani. Mtoto aliyefanya mabadiliko hayo mara tano hahitaji tena kuelezwa mtazamo ni nini.

Wakishaweza hayo, unaweza kuwaonyesha mahali ambapo mstari wenyewe unafifia:

«Salim alisimama mlangoni. Arudi? La, ameshafika mbali mno. Hawa watu wangemcheka mwaka mzima.»

Ni nani anauliza «Arudi?» Kitenzi ni cha nafsi ya tatu, lakini swali ni la Salim mwenyewe, kichwani mwake lilikuwa «Nirudi?» Msimulizi amelichukua wazo la Salim kama lilivyo, pamoja na hasira yake ya «hawa watu», akabadilisha kiambishi tu, bila kuandika «alijiuliza». Mfaransa Gérard Genette, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1972, alitenganisha maswali mawili ambayo kabla yake yalikuwa yakichanganywa: nani anaona, na nani anasema. Hapa anayesema ni msimulizi, anayeona ni Salim. Jina la Genette wanafunzi wa umri huo hawalihitaji. Maswali yake mawili wanayahitaji sana, na yanaingia ubaoni kwa maneno manne.

Kuhusu nafsi ya kwanza, usidhani kazi imekwisha wakishaiona ni-. Maswali mawili yanabaki. La kwanza: huyu «mimi» ni mhusika mkuu au yuko pembeni? Mfano ulio wazi ni visa vya Sherlock Holmes vya Arthur Conan Doyle, vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1887. Holmes ndiye mpelelezi, lakini anayesimulia ni rafiki yake, Daktari Watson. Waulize wanafunzi kwa nini mwandishi alifanya hivyo, wakae nalo dakika kadhaa. Kama Holmes angesimulia, tungekuwa kichwani mwake, na tungejua mhalifu ni nani pale anapojua yeye, labda ukurasa wa nne. Watson anaona tope kwenye kiatu lakini haoni maana yake, nasi tunabaki naye gizani. Kati ya visa 60, Doyle alimwachia Holmes asimulie viwili tu, na katika kimoja Holmes mwenyewe anakiri kwamba anamkosa Watson wake, kwa kuwa Watson angejua jinsi ya kuficha jibu mpaka mwisho. Hakuna maelezo yangu yatakayolifikisha jambo hili vizuri kuliko ungamo hilo.

Watson pia atakusaidia kwa wale wanaoandika «mwandishi anasema» kila mahali. Doyle alikuwa daktari, na Watson ni daktari, kwa hiyo ni rahisi mno kuwachanganya. Lakini Doyle alijua mhalifu ni nani kabla ya kuandika mstari wa kwanza, na Watson hajui. Mtu hawezi kujua na kutojua kwa wakati mmoja, basi ni watu wawili.

Swali la pili juu ya «mimi»: anasimulia akiwa wapi katika wakati? «Sikujua kwamba hiyo ingekuwa mara ya mwisho kumwona.» Wanafunzi wakikutana na sentensi kama hii huruka na kusema msimulizi anajua yote, kwa sababu anajua yajayo. La hasha. Anajua yajayo kwa sababu kwake yameshapita. Kuna «mimi» wawili: aliyekuwepo siku ile, na anayekumbuka leo. Na anayekumbuka anaweza kusahau, kujitetea, au kudanganya. Mmarekani Wayne Booth ndiye aliyempa jina msimulizi asiyeaminika, mwaka 1961, lakini mtoto yeyote aliyewahi kusikia wadogo zake wawili wakisimulia nani aliyevunja glasi anamfahamu tayari. Anzia hapo: visa viwili vya glasi moja, kila kimoja kwa ni-.

Nafsi ya pili nakushauri uipe dakika kumi, si zaidi. Kosa la kawaida ni kudhani kila «wewe» ni nafsi ya pili. «Ukiingia chumba hicho unapokewa na harufu ya vumbi» ni msimulizi anayezungumza kwa ujumla. Angeweza kusema «mtu akiingia». «Msomaji, usinihukumu» ni msimulizi wa nafsi ya kwanza anayekushika bega. Nafsi ya pili ya kweli ni pale «wewe» unapokuwa mhusika anayetenda: uliamka, ukavaa, ukamkuta mlangoni. Ni nadra. Jedwali limeipa nafasi sawa na nyingine na kuwafanya watoto waitafute kila mahali. Nadra vilevile ni «sisi» ya kundi zima, kama katika hadithi fupi ya William Faulkner ya mwaka 1930, «A Rose for Emily», ambamo mji mzima unasimulia habari za mwanamke mmoja na hujui ni nani hasa anayetamka «sisi».

Kwenye kusahihisha, alama zigawe. Ukitoa alama zote kwa jina la nafsi, watajifunza kubahatisha, maana mwenye kubahatisha kati ya mbili hupata nusu. Mimi hutoa alama moja kwa jina na tatu kwa ushahidi: neno lenyewe walilolitegemea, liko sauti ya nani, na linatuambia msimulizi anajua nini au hajui nini. Jibu ninalolitaka linaonekana hivi: «Katika kifungu hiki msimulizi ni wa nafsi ya kwanza. Ushahidi ni -ni- katika "alinitazama", nje ya mazungumzo. Hajui Zubeda anafikiri nini, anaona tu anavyozikunja karatasi.» Sentensi tatu. Mwanafunzi aliyekosea jina lakini akaleta ushahidi wa kweli na kuueleza, mimi humpa alama zaidi ya aliyepatia kwa bahati, na nimewahi kulumbana na walimu wenzangu juu ya hilo.

Na jedwali lako usilitupe. Litundike mwishoni mwa juma, baada ya rangi na baada ya kina Salim, likiwa na safu moja ya ziada: anajuaje? Wajaze wenyewe.

Nimebakiza insha zinazoanza na «yeye» na kuishia na «sisi». Ukizichunguza utaona mahali nafsi inapogeuka. Mara nyingi si mwanzo wala mwisho, ni pale kisa kinapopamba moto: mbwa amefunguliwa, mto umefurika, mtu anafukuzwa. «Hamisi alikimbia, mwizi akamfuata, akaruka ukuta, tukaingia msituni.» Kupiga mstari mwekundu chini ya «tukaingia» hakumfundishi kitu, kwa kuwa kisarufi neno liko sawa. Mwite, mwoneshe neno hilo, umwulize: nani yumo ndani ya hii tu-? Niliwahi kumwuliza kijana mmoja swali hilo. Akasoma aya yake, akasoma tena, kisha akaniambia, «Nilisahau kwamba sikuwepo.»

Nilimpa uchaguzi: aingie kwenye hadithi tangu mstari wa kwanza, awe na jina na sababu ya kuwa pale, au atoke na amwache Hamisi akimbie peke yake. Alichagua kuingia. Ilibidi aandike upya kurasa mbili, maana katika ukurasa wa kwanza Hamisi alikuwa ameota ndoto ambayo hakumsimulia mtu yeyote.